Kuacha uraibu wa simu bila kuitupa simu: mwongozo kwa mtu ambaye pesa, kazi na ndugu wote wamo humo

Ushauri mwingi kuhusu uraibu wa simu umeandikwa na watu ambao wakizima simu wikiendi nzima hakuna kinachoharibika. Kwetu ukizima siku mbili, mteja keshahamia kwa fundi mwingine, umeme umekatika na tokeni za LUKU ulikuwa unazinunua kwa simu, na habari ya msiba wa shangazi unaipata watu wameshatoka makaburini.

Kwa hiyo hapa hatuanzi na "zima simu". Ndani ya kifaa kimoja mmebanana vitu viwili, chombo cha kazi na mtego wa muda, na shughuli yote iliyo mbele yako ni kuvitenganisha. Ukivitenganisha vizuri hutahitaji kujizuia sana, na hilo ni jema, kwa sababu hakuna binadamu mwenye nguvu ya kujizuia saa tano usiku akiwa amechoka na ana bando.

Kwa nini inashika

Usipojua mtego unavyofanya kazi utajiona mvivu, na kujiona mvivu hakujawahi kumpunguzia mtu saa hata moja ya simu.

Katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alifanya majaribio na njiwa waliodonoa kitufe ili wapate chakula. Njiwa aliyelishwa kwa utaratibu unaotabirika aliacha kudonoa haraka chakula kilipokatwa. Aliyelishwa bila utaratibu, mara punje ije, mara isije, aliendelea kudonoa muda mrefu hata pale ambapo hakuna tena kilichokuwa kinakuja. Mvuvi wa mshipi analijua hilo bila maabara: kinachomkalisha ufukweni si samaki aliyempata, ni yule ambaye huenda akaja mara hii. Kila unapoivuta skrini chini ijipakie upya unatupa ndoano. Mara tisa hakuna kitu. Mara ya kumi kuna video inayokuvunja mbavu, na ubongo unakumbuka hiyo ya kumi.

Kisha watengenezaji wa programu wakaondoa mwisho. Zamani ukurasa ulikuwa na kikomo chake chini, ukabofya kwenda unaofuata, na katika kubofya huko ukapata nafasi ya kujiuliza kama bado unataka. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ukurasa usioisha, ule unaojiongeza wenyewe kadiri unavyoshuka, na baadaye amesema hadharani kwamba anajutia matumizi yake. Mwaka 2009 Facebook ikaleta kitufe cha "Like", na sasa hata picha uliyoiweka wewe mwenyewe ikawa ndoano: unarudi kuangalia nani kapenda.

Basi unapopambana na simu unapambana na watu werefu wanaolipwa vizuri ili usiiweke chini. Hiyo ndiyo sababu hatua zinazofuata zinabadilisha mazingira zaidi kuliko zinavyohubiri nidhamu.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kubadilisha chochote

Tangu mwaka 2018 Android na iPhone zote zina kihesabu muda ndani yake. Kwenye Android ingia Mipangilio, shuka utafute Digital Wellbeing. Simu ikiwa imewekwa kwa Kiswahili utaikuta kwa jina la Nidhamu Dijitali. Tecno, Infinix na Samsung huweza kuwa zimeificha mahali tofauti kidogo, kwa hiyo tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio. Kwenye iPhone inaitwa Screen Time.

Tazama vitu vitatu: jumla ya saa kwa siku, programu zinazoongoza, na mara ngapi umefungua simu. Hicho cha tatu ndicho watu wanachokiruka, nacho ndicho kinachosema ukweli. Mtu wa saa nne anayefungua simu mara 30 huenda anaangalia filamu. Mtu wa saa nne anayeifungua mara 150 mkono wake umeshazoea kuichomoa mfukoni kabla kichwa hakijaamua.

Kwa wiki nzima usibadilishe tabia. Andika tu, kwenye karatasi: umezama saa ngapi, uko wapi, na dakika moja kabla ya hapo ulikuwa unahisi nini. Sehemu ya mwisho inaonekana ya kipuuzi, ila ndiyo yenye faida. Kuna atakayegundua anazama akiwa kwenye foleni ya daladala tu, na huyo hana tatizo kubwa. Mwingine ataona anazama kila anapopewa kazi asiyoijua pa kuianzia, na mwingine kila akibaki peke yake chumbani. Hao wawili wana ugonjwa tofauti hata kama saa zao zinalingana, na dawa ya wa kwanza haitamsaidia wa pili.

Hatua ya 2: Panga programu mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la pesa na kazi: benki, pesa za simu, barua pepe, ramani, kikokotoo. Hizi hazina shida. Hakuna anayekesha akiperuzi salio la benki, labda kwa majonzi.

Fungu la pili ni la watu: simu za kawaida, SMS, WhatsApp. Hapa pana mchanganyiko, na tutarudi.

La tatu ni la kuzamisha: TikTok, Instagram, Facebook, YouTube, X, michezo, na programu za kubeti. Kipimo ni rahisi. Jiulize: nikishafungua programu hii, kuna mahali inaishia? Kama hakuna, iko fungu la tatu, hata kama unaitumia kuangalia mawaidha au mapishi.

Toa kila kitu kwenye skrini ya mbele isipokuwa fungu la kwanza. La tatu likae ndani ya folda kwenye ukurasa wa mwisho, mpaka ufike hatua ya 4.

Hatua ya 3: Nyamazisha arifa, na uanze na magrupu

Kanuni ni moja: binadamu mmoja anayekutafuta wewe binafsi aruhusiwe kukushtua. Wengine wote hapana. Programu inayokuambia "fulani ameweka picha baada ya kimya kirefu" haikutafuti, inakuvuta. Ingia Mipangilio, kisha Arifa, uzizime moja baada ya nyingine. Ni robo saa ya kazi na hutaigusa tena.

Magrupu ya WhatsApp yanataka busara zaidi, kwa kuwa kujitoa kwenye grupu la ukoo ni tangazo la vita. Huna haja ya kujitoa. Bonyeza grupu kwa muda, nyamazisha, na katika saa 8, wiki moja au daima, chagua daima. Kisha liweke kwenye kumbukumbu (Archive), na uhakikishe kwenye mipangilio ya gumzo umewasha chaguo la kuyaacha huko hata ujumbe mpya ukiingia. Grupu la harusi, la wazazi wa darasa la nne, la waliosoma pamoja miaka hiyo, la kikoba: yote yanakwenda huko. Unayafungua mara moja jioni, unasoma yaliyo ya maana, unatoa mchango wako, unasema "Poleni sana" au "Hongereni", unatoka.

Kuna hofu hapa, na ina msingi: je, nikikosa msiba? Mwambie mtu mmoja wa karibu, dada yako au binamu asiyebanduka kwenye simu (kila ukoo unaye), kwamba umepunguza WhatsApp na jambo zito likitokea akupigie. Watu hawakatai. Na kusema kweli msiba wa mtu wa karibu hukufikia kwa kupigiwa.

Mambo mawili madogo kwenye WhatsApp hiyohiyo. Zima alama za bluu za kusoma ujumbe, ili kusoma sasa kusikulazimishe kujibu sasa. Zima pia upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja; utaokoa MB, na vichekesho vilivyosambazwa havitakuwa vinakusubiri vimeshafunguka.

Hatua ya 4: Ongeza hatua kati ya kidole na mtego

Programu ya fungu la tatu isiyokuingizia pesa, ifute kwenye simu. Akaunti yako haiendi popote. Ukitaka kuangalia Facebook au Instagram, ingia kwa kivinjari, andika nenosiri, ukimaliza toka kabisa. Utashangaa ni mara ngapi utaacha njiani kwa uvivu wa kuandika nenosiri. Uvivu huo, kwa mara ya kwanza, uko upande wako.

YouTube ina dawa yake ambayo wengi hawaijui. Ukizima historia ya kutazama na kufuta iliyopo, ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu, bila mapendekezo, na ndivyo ilivyo tangu mwaka 2023. Unaandika unachokitafuta, unakiona, basi. Zima pia video inayofuata kujianza yenyewe. YouTube ya namna hii naiona ni maktaba nzuri kuliko nyingi tulizonazo.

Instagram nayo, kama unaihitaji kwa biashara, ina sehemu ya kusimamisha machapisho ya kupendekezwa kwa siku 30. Iwashe tena kila mwezi.

Kikomo cha muda kilichomo kwenye simu, mfano dakika 30 za TikTok kwa siku, kinasaidia kiasi. Udhaifu wake ni kwamba wewe ndiye askari na wewe ndiye mwizi: sekunde tano tu na umeshajiongezea nusu saa. Kwenye iPhone unaweza kumpa mwenzako aweke namba ya siri ya Screen Time asikuambie. Kugeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe pia kunapunguza ladha. Kwenye Android nyingi imo ndani ya hali ya wakati wa kulala. Wapo wanaoizoea baada ya siku chache na kuendelea kama kawaida, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Hatua ya 5: Tumia bando kama uzio

Hapa tuna silaha ambayo mwenye intaneti ya malipo ya mwezi hana: sisi tunanunua kwa vipande. Tatizo ni kwamba tunanunua kipande kibaya.

Angalia bando linalokwisha saa sita usiku. Saa nne usiku umebakiwa na MB 700, zinakwenda kupotea, roho inauma, unafungua video "nisiwaachie hela yangu". Unajiona unaokoa pesa, kumbe umelipa kwa usingizi. Kibaya zaidi ni kifurushi cha usiku, GB nyingi kwa bei ya karanga, sharti tu ukae macho wakati wenzako wamelala. Mwanafunzi mwenye kazi kubwa ya kupakua ana sababu. Wengine wote, kifurushi hicho kimekununua wewe.

Fanya hivi. Nunua kifurushi kisicho na ukomo wa muda kama mtandao wako unacho. Safaricom ya Kenya ilivianzisha mwaka 2019 na kampuni nyingine zimefuata. MB moja inakuwa ghali zaidi, ila haikukimbizi. Kama mtandao wako unauza kifurushi cha WhatsApp peke yake, hicho ni uzio bora kuliko programu yoyote ya kuzuia programu: wateja wanakupata, video hazifunguki. Na zima data kila unapomaliza. Zamani tulifanya hivyo kwa ubahili. Sasa fanya kwa makusudi.

Mwenye WiFi nyumbani uzio wake ni swichi ya ukutani. Saa nne usiku router inazimwa, na anayezima awe mtu asiyebembelezeka, kwa kawaida mama mwenye nyumba.

Hatua ya 6: Rudisha kitochi

Kiite kitochi, kiswaswadu au kabambe, kulingana na ulikokulia. Simu hii ya vitufe ndiyo jibu la lile swali la pesa na misiba.

Laini yako kuu, ile yenye pesa na inayojulikana na watu wote, ihamishie kwenye kitochi. Menyu za pesa za simu hazihitaji intaneti: *150*00# ya M-Pesa Tanzania inafanya kazi kwenye simu ya vitufe, na Kenya *334# vilevile. Kutuma, kupokea, kununua LUKU, kulipa bili, vyote vimo. Laini ya pili, ya bando tu, ibaki kwenye simu janja.

WhatsApp yako haitapotea. Namba ikishasajiliwa, inaendelea kufanya kazi kwenye simu janja hata laini ikiwa kwenye kifaa kingine. Siku itakapodai uthibitisho upya, namba za siri zitaingia kwa SMS kwenye kitochi. (Namba hizo usimpe mtu, hata akijitambulisha ni wa huduma kwa wateja.) Kuna programu za benki zinazodai laini iwe ndani ya simu hiyohiyo, kwa hiyo jaribu yako kabla hujasherehekea. Na kama laini yako imekatwa kwa umbo dogo kabisa, mwambie fundi simu akupe kishikio chake, bila hicho itachezacheza kwenye kitochi na kukukatikia katikati ya mazungumzo.

Baada ya hapo simu janja inakuwa kama kompyuta ya nyumbani: ina mahali pake na ina saa zake. Ukienda sokoni, msikitini, kanisani, mazoezini au kwa wakwe, unabeba kitochi. Unapigika, una pesa, na hakuna cha kuperuzi. Siku za mwanzo mkono utakuwa unaingia mfukoni na kutoka na kitu kisicho na la kukuonyesha, nao utachoka wenyewe.

Hatua ya 7: Usiku

Simu isilale kitandani. Ushauri wa kawaida ni "ichaji sebuleni", na wengi wetu tumepanga chumba kimoja ambacho sebule, jiko na kitanda vinatazamana. Basi iweke juu ya kabati, waya wa chaja uning'inie huko, mbali kiasi kwamba lazima usimame na uvute stuli. Godoro likiwa limeshapata joto, stuli ni mbali.

Alamu ndiyo kisingizio cha kila mtu. Saa ndogo ya mezani ya betri moja inauzwa kwa machinga yeyote na kelele yake ni mbaya kuliko ya simu, jambo ambalo alfajiri ni sifa. Anayeamka kwa ajili ya swala na anategemea programu ya adhana aiache simu juu ya kabati ilie huko. Ataifuata akiwa amesimama, hapo udhu uko karibu. Na msahafu au Biblia ya karatasi ni bora wakati wa ibada, kwa sababu aya haiji na ujumbe juu yake.

Mwanga wa skrini unachelewesha usingizi, ndiyo, lakini usitegemee rangi ya njano ya usiku ikuokoe. Mabishano ya mpira kwenye X yatakukesha hata skrini ikiwa na rangi ya machungwa.

Hatua ya 8: Kwa wanaofanya kazi kwa simu

Chukua fundi cherehani mwenye fremu yake kando ya barabara. Asubuhi mteja anamtumia picha ya gauni la kitenge: "Fundi, nataka kama hii, ila mkono uwe mrefu na mgongo usiwe wazi sana." Anafungua, anaikuza kwa vidole viwili aone shingo ilivyokatwa. Mpaka hapo ni kazi. Akirudi nyuma kidole kinagusa status. Ya kwanza rafiki yake yuko kwenye sendoff, ya tatu ina kipande cha video, video ina kiungo. Futi iko shingoni, kitambaa kiko mezani kimekatwa upande mmoja, chaki imeangukia chini ya meza. Akija kushtuka, jua limeshahamia upande wa pili wa fremu, na mteja wa saa nane anaulizia nguo yake.

Huyu huwezi kumwambia aache simu. Anachohitaji ni kuitoa kazi ndani ya simu haraka iwezekanavyo. Picha ikiingia, anauchora mshono kwenye daftari la vipimo, vibaya tu, hata mistari minne: shingo hivi, mkono hivi, mpasuo hapa. Anaandika jina la mteja, vipimo, siku ya kuchukua. Simu inarudi droo, sauti ya kupigiwa imewashwa, arifa za ujumbe zimezimwa. Kuanzia hapo anafanya kazi kutoka kwenye karatasi. Ujumbe anaujibu saa sita mchana na saa kumi jioni, na wateja wanajua, kwa kuwa WhatsApp Business, ambayo ni bure, inamruhusu kuweka jibu la moja kwa moja: "Asante kwa ujumbe. Najibu saa sita na saa kumi. Kwa haraka nipigie." Anayeuza nguo, keki au mitumba mtandaoni afanye hivyohivyo. Atakayekuhama kwa kusubiri saa chache ni mteja ambaye angekukopa.

Anayepaswa kuweka matangazo TikTok au Instagram atengeneze video zake zote kwa mkao mmoja, aziweke, ajibu maoni, atoke. Kuangalia washindani wanafanya nini ni utafiti kwa dakika kumi za mwanzo. Baada ya hapo ni burudani iliyovaa tai.

Hatua ya 9: Jaza nafasi uliyoiacha

Ukiondoa saa tatu za simu, saa tatu zinabaki zimekutazama. Watu wengi wanarudi kwenye simu siku ya nne kwa sababu ya ukimya tu. Utahisi kuhangaika, utakuwa na hasira za bure, utajikuta unasoma maandishi kwenye mfuko wa unga. Hali hiyo inapungua.

Rudi kwenye ile karatasi ya wiki ya kwanza. Aliyekuwa anazama kwa upweke anahitaji watu: kijiwe cha kahawa, meza ya bao, kwaya, darsa, timu ya mtaani ya jioni. Aliyekuwa anakimbia kazi ngumu aikate kazi hiyo mpaka kipande cha dakika kumi, aanze na hicho simu ikiwa chumba kingine. Aliyechoka tu alale, hakuna aibu. Na redio usiidharau: inakupa habari, muziki na mpira huku mikono ikiosha vyombo.

Watoto ndani ya nyumba

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5: kabla ya kutimiza miaka miwili, hakuna kukaa mbele ya skrini, kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Mtoto aliyezoea kulishwa akiangalia katuni atagoma kula siku mbili tatu ukiiondoa simu. Vumilia, njaa itamshauri. Kama lazima aangalie kitu ili upike, mwekee katuni mbili au tatu kwenye flashi uichomeke kwenye televisheni. Zinaisha, skrini inakuwa nyeusi, hakuna kinachojipendekeza baada yake, na ugomvi unakuwa mdogo kuliko ukimnyang'anya YouTube inayoendelea. Mweleze pia dada wa kazi kwa heshima, na sheria iwe moja kwa nyumba nzima: wakati wa chakula simu zote zinakaa juu ya friji, ya baba ikiwa ya kwanza. Kijana wa kidato cha pili hatakusikiliza ukimkataza huku unasoma habari za usajili chini ya meza.

Ukiteleza

Utateleza, pengine siku ya mechi kubwa au usiku wa kukosa usingizi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wanajenga tabia mpya, wakachapisha matokeo mwaka 2010: wastani ulikuwa siku 66, lakini wapo waliozoea kwa siku 18 na ambao ilikadiriwa watahitaji 254. Walichokiona pia ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mchakato. Kwa hiyo ukikesha leo, kesho asubuhi futa tena programu uliyoirudisha, simu irudi juu ya kabati usiku, uendelee. Usisubiri Jumatatu.

Baada ya mwezi angalia tena kihesabu cha simu. Usitafute sifuri. Saa sita zikiwa tatu na usingizi umerudi, umefanya kazi kubwa.

Pale ambapo hatua hizi hazitoshi

Neno uraibu tunalitumia ovyo. Kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, simu yenyewe haimo. Yaliyomo ni uraibu wa michezo ya kielektroniki na uraibu wa kamari, na vyote vinaweza kuishi ndani ya simu yako. Dalili ni kushindwa kuacha, kuuweka mchezo mbele ya kila kitu, na kuendelea hata baada ya kuona umekuharibia kazi, masomo au ndoa. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama mwaka, ingawa ikiwa kali si lazima kusubiri mwaka.

Anayebeti ndiye ninayemhofia kuliko wote, kwa sababu pesa na kamari viko kwenye skrini ileile na mkeka unachanika saa saba usiku bila shahidi. Kwake kupunguza hakufai, ni kukata. Piga huduma kwa wateja wa kampuni unayobeti, udai akaunti ifungwe, na uhifadhi uthibitisho. Laini yenye pesa mkabidhi mke, mume au kaka kwa miezi kadhaa, ubaki na nauli. Orodhesha madeni yote, ya programu za mikopo pia, umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini.

Kisha nenda hospitali. Tanzania kuna idara ya afya ya akili Muhimbili, na Mirembe iko Dodoma. Nairobi kuna Mathari, Kampala kuna Butabika. Hospitali ya mkoa au ya wilaya pia inaweza kukuanzishia na kukupa rufaa. Ukifika usiseme tu "nasumbuliwa na simu", utaonekana umekuja kutania. Sema unalala saa ngapi, umepoteza kiasi gani, unadaiwa na nani, umejaribu kuacha mara ngapi, na kama umewahi kufikiria kujidhuru. Hilo la mwisho lianze kabla ya mengine yote, na kama liko kichwani sasa hivi, usisubiri kliniki ya Jumatatu: mpigie mtu wa karibu akupeleke leo.